Mwanamke Aliyeajiriwa kwa Macho Yake

Wako watu walioajiriwa kwa nguvu za mikono, na wengine kwa wepesi wa miguu. Bitota wa Kindu aliajiriwa kwa macho. Kazi yake katika Biro ya Wazee, ofisi ya Serikali ya kuwatunza wazee, ilikuwa kuona, basi. Anaingia nyumbani kwa mzee, anamwangalia, anaitoa kalamu yake ya biki kwenye kilemba alikoichomeka, na katika karatasi anaandika neno moja kwa herufi kubwa: HAI. Chini ya neno hilo anaongeza: Nimemuona kwa macho yangu. Halafu anatia jina lake.

Serikali haikumsadiki mzee kwa barua, wala kwa ushahidi wa mtoto wake, wala kwa padri, wala kwa shehe. Mtoto anaweza kusema baba yuko shambani, kumbe baba amekwisha kuota majani. Kwa hiyo kila mwaka mvua zikipungua Bitota alizunguka mji mzima, kuanzia nyumba za stesheni mpaka mwisho wa Mikelenge, na siku nyingine alivuka Lualaba kwa mtumbwi kuwaona wale wa ng'ambo. Aliyekuwa hai aliandikwa hai, aliyekufa aliandikwa kufa, na nyumba ya Serikali aliyokuwa akikaa ilirudishwa. Mgonjwa alipelekewa machela. Asiye na blanketi aliandikiwa blanketi, hata kama blanketi lenyewe lilifika mwaka uliofuata. Aliyekufa bila mtu, Biro ilimtafutia sanda na wachimbaji.

Sheria zote za Biro Bitota alikuwa nazo kichwani, kifungu kwa kifungu. Alisoma miaka mitano tu kwa masista, lakini masista wale walikuwa hawana mchezo: somo ulilishika kwa moyo au ulilala na njaa. Wakubwa wenye diploma walitafuta kifungu katika kabati mpaka jasho likawatoka, na Bitota, akifunga kikwembe chake vizuri, alikuwa amekwisha kukisema.

Alizaliwa Kasai, akaletwa Kindu kwa treni akiwa bibi arusi wa miaka kumi na minane, na masufuria mawili, na godoro, na mume aitwaye Banza, Mluba wa Katanga, fundi wa gari moshi. Wakati wa Wazungu aliwafundisha akina mama kushona katika shule ya wanawake, nao walimwita Mama Jeanne. Vita vya waasi vilipoingia Kindu walikimbilia msituni upande wa Kibombo, na huko watoto wake wawili walikufa kwa surua, mmoja Jumanne, mwenzake Ijumaa. Mukuna, mkubwa wao, ndiye aliyerudi mjini akiwa mzima.

Habari ya watoto hao wawili inafaa kukumbukwa, maana ndiyo, au kama wasemavyo Kindu, njo iliyozaa mengine yote. Mama mkwe wake hakuwalaumu waasi wala surua. Alimwambia Bitota mbele ya watu: "Kosa ni lako. Kule msituni ulimwangalia mjane mmoja usoni kabla hajaogeshwa kutolewa msibani. Mwiko wa msiba ukiuvunja, watoto wako njo wanaulipa." Bitota alikuwa msomi kidogo, na Mkristo, na alijua surua ni surua. Lakini neno kama lile likisha kuingia, halitoki.

Mwaka wa 1972 Biro ya Wazee ilifunguliwa. Ndio mwaka ambao amri ilitoka kila mtu aache jina la ubatizo atafute la mababu, na Jeanne akabaki Bitota. Shefu wa Biro, Kitenge, mtu mnene aliyevaa abakosti, koti la kola lisilo na tai, iliyombana shingo, alimchagua yeye. "Tunataka mama mwenye heshima," alisema. "Mama ambaye wazee hawatamkimbia." Bitota aliipenda kazi ile, na alipopita njiani watoto walisema, "Huyu njo mama anayeangalia kama babu amekufa," naye hakukasirika.

Hofu iliingia Biro siku moja asubuhi, na iliingia kwa adabu kabisa. Wafanyakazi walikuwa wamesimama mbele ya bendera, wanaimba na kuchezesha viuno kwa sifa za Chama kama ilivyokuwa lazima kila siku kabla ya kazi. Jip isiyo na namba ikasimama. Kijana mmoja mwenye miwani myeusi akamsogelea Musau, mwenzake Bitota, aliyekuwa na kazi ileile ya kuona wazee.

"Sitwayeni Musau, njoo kidogo," alisema, maana siku hizo raia mwanamume aliitwa sitwayeni, na mwanamke sitwayene.

Ile "kidogo" ilikuwa sasa mwaka na nusu. Ilisemekana Musau aliwaandika HAI watu watatu waliokuwa kaburini. Hakuna aliyeuliza. Koti lake alilolivua asubuhi ile kwa ajili ya kucheza lilibaki kwenye mgongo wa kiti chake, na kiti kilibaki pale. Hakuna aliyekikalia, wala aliyethubutu kuliondoa koti. Aliyefagia alifagia kukizunguka.

Sasa, mwanzo wa mwaka wa 1976 mzee Hamadi wa Mikelenge alifariki. Alikuwa seremala wa Serikali tangu zamani. Hata mabenchi ya Biro aliyachonga yeye. Serikali ilikuwa imempa nyumba ya matofali ya vyumba viwili, na sheria ilisema mjane wake aliyeandikwa atakaa humo mpaka kufa. Katika dosye, jalada lake la Serikali, aliandikwa mke mmoja: Riziki binti Assani. Bitota, ambaye kila mwaka alikuwa amemuona Hamadi tu kwa sababu wake hawakuhesabiwa mume akiwa hai, akatumwa kwenda kumuona.

Alimkuta mjane katika eda. Waislamu wa Kindu wanalijua jambo hili vizuri: mwanamke aliyefiwa anakaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, na wanaume wa nje hawamuoni. Bitota aliongozwa mpaka mlango wa chumba cha ndani, ambako pazia la kitambaa cha kijani lilikuwa limetundikwa. Alilisogeza kidogo. Kwenye mkeka, katika giza la chumba kisichokuwa na dirisha wazi, alikaa mtu aliyefunikwa shuka nyeupe tangu utosini mpaka vidole vya miguu.

Miguu ya Bitota ikakataa kuvuka kizingiti. Aliona tena msitu wa Kibombo. Aliona Jumanne na Ijumaa. Kwa jinsi alivyojua yeye, uso wa mjane haukufaa kuangaliwa na mtu wa nje, awe mwanamume au mwanamke, na Mukuna wake alikuwa amebaki peke yake.

"Pole sana, Bibi," alisema akiwa palepale mlangoni. "Weye njo Riziki, mjane wa Hamadi?"

"Njo miye, Mama," sauti ilijibu chini ya shuka, baada ya kukawia kidogo.

Bitota alisukuma karatasi na kidude cha wino kwenye mkeka. Mkono wa kizee ukatoka, ukachovya kidole gumba, ukagandamiza karatasi, ukarudi ndani. Bitota akaaga. Nje, kwenye benchi la baraza, akaandika: HAI. Nimemuona kwa macho yangu. Akatia jina. Wazee walisema macho hayana pazia, lakini siku ile ya Bitota yalikuwa nalo.

Miezi mitatu na zaidi ikapita, naye hakulifikiria tena jambo lile, mpaka Jumatatu moja sokoni. Alikuwa anachagua samaki wa kukaushwa kwa Ntumba, mama wa kwao Kasai mwenye mdomo usio na mlango.

"Hata yule seremala Hamadi," Ntumba alisema, akimfukuza nzi, "alikuwa na bahati mbaya. Kwanza Riziki, halafu yeye mwenyewe."

"Kwanza Riziki namna gani?"

"E, Mama Mukuna! Riziki si alikufa? Ule mwaka tulipopanga mustari kwa kadi mpya za majina. Nilipita njiani wakati wanatoa jeneza. Samaki huyu unamchukua ao unamuhurumia tu?"

Bitota alirudisha samaki. Aliondoka sokoni bila chumvi na bila mawese, na Ntumba akamwita mpaka akachoka.

Alipofika Biro, Kitenge alikuwa amewakusanya wote. Jasho lilimtoka chini ya kola. "Inspecta anakuja kutoka Bukavu kwa ndege ya Jumatano," alisema. "Kuna mutu ameandika barua bila jina. Anasema hapa kwetu maiti wanaandikwa hai. Kuanzia sasa hakuna anayetoka. Hakuna safari ya kuona mzee. Tunapanga dosye, usiku na mchana, mpaka afike." Alitazama huku na huku, akajizuia asitazame kiti cha Musau, na kwa kujizuia kwake wote wakakitazama.

Nyumbani, ambako Kitenge alimruhusu kufika nusu saa tu asubuhi na jioni, Bitota alimkuta Banza pale alipomwacha, kitandani, ubavu wa kulia. Gari moshi lilikuwa limemvunja mgongo mwaka wa sabini, na tangu siku hiyo miguu yake ililala bila yeye. Ulimi wake tu ulikuwa unatembea.

"Leo umerudi na uso kama wa mutu aliyemeza mwiba," alisema. "Na samaki iko wapi?"

Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, akiwa anamgeuza ubavu wa pili.

"Basi hukumuona," alisema Banza.

"Niliona shuka."

"Shuka. Serikali inakuajiri kuona watu, weye unaona nguo. Ungefungua duka la mashuka." Hakucheka, wala Bitota hakucheka. "Mama Mukuna, sikiliza. Wakikuuliza, sema ulimuona. Karatasi imesema ulimuona. Mukubwa akikuta mdomo na karatasi vinasema kimoja, anaenda zake."

"Na kama yule bibi ni maiti?"

"Maiti haweki kidole kwa wino."

"Basi ni nani aliyekiweka?"

Banza alinyoosha mkono akamshika pindo la kikwembe, kama mtoto anavyoshika nguo ya mamaye sokoni. "Wakikuchukua kama Musau," alisema, "nani atanigeuza?"

Hilo njo lililomtisha Bitota. Mukuna alikuwa Lubumbashi, amepata kazi kwenye karakana, barua yake moja kwa mwaka. Mtu asiyegeuzwa asubuhi na jioni anaoza angali anapumua. Daktari alimwambia hivyo waziwazi. Siku mbili zile Bitota alipanga dosye. Kila gari lililopita barabarani alilisikiliza tangu mbali: je, linapunguza mwendo? Likipita, aliendelea. Alitamani akimbie Mikelenge mara moja tu, afunue ile shuka, ajue. Lakini Kitenge alikuwa amekaa mlangoni na kiti chake.

Jumatano Inspecta akafika. Bitota alitegemea mtu mkubwa wa kelele. Alikuja mtu mwembamba, mwenye mvi mbili tatu kwenye ndevu, sauti ndogo, jina lake Waziri. Alikaa saa nzima akisoma, halafu akasema, "Riziki binti Assani. Aliyesaini ni nani?"

"Miye, Bwana Inspecta."

"Twende."

Katika jip walikaa Inspecta mbele na dereva, Bitota nyuma kati ya Kitenge na kijana mmoja mwenye miwani myeusi. Hakujua kama ndiye yule wa Musau. Miwani yote ile inafanana. Kijana hakusema neno. Alikuwa anakula karanga, na maganda aliyaweka mfukoni moja moja, kwa usafi.

Walipofika, Kitenge alitangulia kupanda baraza, akitaka kuonyesha bidii. "Mutoke humu ndani! Ni Serikali!"

"Shefu," Inspecta alisema, "shuka chini." Kitenge akashuka. "Mutu anakaa eda humu. Miye ni mutoto wa Kasongo. Mama yangu amekaa eda mara mbili, na hata shehe hakuvuka kizingiti." Alikaa kwenye benchi alilolichonga marehemu, akafungua dosye juu ya magoti, akatoa picha ndogo ya zamani iliyokunjika pembe. Ilikuwa ya mwanamke kijana mwenye macho makali, na chini ya jicho la kushoto kovu la moto, lenye umbo la jani la mwarobaini.

"Sitwayene Bitota, weye ni mwanamke, unaruhusiwa. Ingia, funua, angalia kovu. Utoke, uniambie mbele ya hawa. Kama ulivyoangalia mara ya kwanza." Akamtazama. "Mara ya kwanza si uliangalia?"

Bitota alichukua picha. Kijana wa miwani aliacha kutafuna.

Mule ndani mlikuwa vilevile: pazia la kijani, giza, mkeka, shuka. Safari hii alivuka kizingiti. Akakaa chini mbele ya mjane.

"Bibi, ni miye, Bitota wa Biro," alinong'ona.

"Najua. Nimesikia jip. Umeleta wanaume wangapi?"

"Watatu, na dereva. Bibi, leo nimetumwa kukufunua."

Shuka ilitikisika. "Na siku ile nani alikukataza?"

"Mwiko wa msiba. Niliogopa..."

"Mwiko gani? Wa mwanamke kwa mwanamke? Uliusikia kwa nani?" Sauti ilikuwa na kicheko kikavu ndani yake. "Weye Mkasai weye. Siku ile nilikaa nimeshika pindo hivi, nangoja unifunue. Nilikuwa nimekwisha kupanga kusema kweli. Weye ukasimama mlangoni kama mutoto aliyetumwa chumvi, ukanisukumia wino. Nikasema, basi, Mungu amemfumba macho, miye nani nimfumbue?"

Mwanamke yule akajifunua mwenyewe. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, uso wa duara, meno mawili ya mbele hayapo. Bitota alitazama chini ya jicho la kushoto. Ngozi ilikuwa laini, haina alama hata ya pele. Alitazama na la kulia, kwa kukata tamaa, kana kwamba kovu linaweza kuhama.

"Weye si Riziki."

"Miye Jamila. Mke wa pili. Msikiti unanijua, Serikali hainijui. Miaka ishirini na tisa katika nyumba hii. Riziki nilimuosha kwa mikono hii, alikuwa dada yangu kuliko dada." Alipangusa uso na pindo la shuka. "Alikufa wakati ule wa kadi mpya. Hamadi akasema: 'Serikali iliniandikia mke mmoja, na mke mmoja ninaye. Chukua kadi.' Nchi nzima ilikuwa inabadili majina, Mama. Weye mwenyewe ulikuwa Jeanne. Nani alikufunga?"

Nje Inspecta alikohoa. Bitota akanong'ona haraka zaidi. "Bibi, nikisema kweli, watakutoa humu. Nikisema uongo, na mutu wa barua anajua, watanichukua miye. Nina mume hawezi kujigeuza."

Jamila alimtazama muda, kama mtu anayepima kitambaa. "Sema kile unachoweza kubeba," alisema. "Mutoto sina, na kwa ndugu yangu Tunda mke wake amenifungia mlango, basi nitalala barazani kwa watu. Lakini eda yangu imebaki siku kumi. Mjane anamaliza eda katika nyumba ya mume wake. Wasinitoe barabarani na shuka hii, mbele ya wanaume. Siku kumi tu, Mama Bitota. Baadaye wanitupe wanapotaka."

Bitota alitamani aombe maji. Aliona njia mbili, na zote mbili zilikuwa na jip mwishoni. Ingekuwa rahisi kutoka na kusema kovu lipo. Banza angemwambia aseme hivyo. Lakini alijua kitu kimoja juu ya nafsi yake: mkono wake uliandika uongo mara moja kwa kutojua, kwa kujua usingeweza, ungetetemeka, na yule mtoto wa Kasongo angeuona ukitetemeka. Na tena alikumbuka masista, na kabati la Biro, na jinsi shefu alivyokuwa akitafuta vifungu kwa jasho.

"Una miaka mingapi, Bibi?"

"Sitini na minne. Ao sitini na sita."

"Jifunike," alisema Bitota.

Alitoka. Jua la baraza lilimpiga usoni. Alisimama wima, mikono nyuma, kama siku za masista, maana hakujua namna nyingine ya kusimama mtu anapoogopa.

"Bwana Inspecta, mara ya kwanza sikufunua. Niliona shuka na mkono tu. Nilifikiri ni mwiko. Niliandika nimemuona, na sikumuona." Kitenge alitoa sauti kama mpira unaotoka hewa. "Leo nimefunua. Kovu haliko. Riziki binti Assani alikufa. Aliye ndani ni Jamila, mke wa pili wa Hamadi, miaka sitini na minne, hana mutoto, hana pahali pengine."

Ganda la karanga lilianguka chini, na kijana aliinama kuliokota.

"Unajua ulichokisema juu ya kichwa chako mwenyewe?" Inspecta aliuliza kwa ile sauti ndogo.

"Najua. Na kifungu cha kumi na nne kinasema: Mzee asiye na mtu hatatolewa mahali anapokaa kabla Biro haijampatia mahali pengine pa kukaa. Hakisemi mjane. Hakisemi aliyeandikwa. Kinasema mzee." Akaonyesha mlango wa chumba cha ndani. "Na eda yake bado siku kumi."

Inspecta alimgeukia Kitenge. "Kuna kifungu kama hicho?"

"Tu... tutaangalia katika kabati, Bwana Inspecta."

Inspecta alifunga dosye. Alisimama, akagusa ukingo wa benchi kwa kiganja, pale mbao zilipounganishwa bila msumari, akasema kama kwa nafsi yake, "Alijua kazi." Kisha akamwambia Bitota, "Panda jip."

Bitota hakuona njia, aliona mgongo wa dereva. Lakini mji wa Kindu aliujua kwa miguu, na hata akifumba macho alijua walipo: hapa mtaro, hapa harufu ya mashine ya mpunga. Mbele kulikuwa na njia panda. Kushoto ni Biro. Kulia, kushuka mtoni, ni nyumba nyeupe ya watu wa miwani, ambayo watu walipita mbele yake bila kugeuza shingo. Alifikiri: Banza, ubavu wa kulia, tangu asubuhi. Jioni inafika na nimemwacha ubavu wa kulia.

Dereva akapunguza mwendo. "Wapi, Bwana Inspecta?"

Inspecta alikuwa anatafuta kitu mfukoni, leso, akajifuta shingo, akaikunja. Kijana wa miwani akaelekeza kidole kulia, bila neno. Injini ilikuwa inatetema.

"Biro," alisema Inspecta.

Pale Biro Inspecta alimwandikisha Bitota karatasi tatu. Ya kwanza: Riziki binti Assani, AMEKUFA. Ya pili: Jamila, mzee asiye na mtu, HAI, nimemuona kwa macho yangu. Ya tatu ilikuwa maungamo yake mwenyewe, namna alivyotia jina juu ya mtu asiyemuona, na siku, na mwezi. Mbili za kwanza Inspecta alizipiga muhuri, akazitia katika dosye. Ya tatu hakuipiga muhuri. Aliikunja mara nne, akaiweka katika mfuko wa ndani wa koti lake, akafunga kifungo.

"Hii," alisema, "itakaa kwangu."

Hakusema mpaka lini, wala kwa nini. Kesho yake akapanda ndege.

Jioni ile Bitota alimgeuza Banza, akakaa sakafuni, akalia mpaka Banza akasema, "Basi, Mama Mukuna, umenigeuza upande wa ukuta, sioni hata unavyolia."

Kitenge hakumfukuza, aliogopa kumfukuza mtu ambaye Inspecta hakumfukuza. Ila alimwondoa njiani, asizunguke tena mji. "Utakaa hapa nikuone," alisema, na akamwonyesha kiti. Vingine vyote vilikuwa na wenyewe. Bitota akakaa kwenye kiti cha Musau. Koti hakulitoa, na hakuna aliyemwambia alitoe. Aliegemea mbele siku nzima ili mgongo wake usiliguse, na miaka mingi baadaye watu walidhani amezaliwa na kibyongo.

Siku ya kumi na moja, kabla ya adhuhuri, mwanamke mmoja aliingia Biro peke yake, amevaa kikwembe kipya cha maua ya bluu, amejitanda mtandio. Alienda moja kwa moja mpaka meza ya Bitota. Nyumba alikuwa angali nayo, kwa sababu Biro ilikuwa haijapata mahali pengine, na kwa kweli haikuwa na mahali pengine popote.

"Mama Bitota," alisema Jamila, "eda imekwisha." Akautupa mtandio mabegani, akainua kidevu kuelekea mwanga wa dirisha. "Haya, angalia vizuri. Usije ukasema tena umeona nguo."

Bitota alimwangalia. Aliangalia jicho la kushoto, la kulia, mashavu, pengo la meno, bila haraka, kama anayesoma kifungu. Akachukua biki, akafungua daftari la wazee ambamo jina la Jamila lilikuwa bado halina neno. Alikuwa amekwisha kuandika herufi mbili za mwanzo walipolisikia gari likija kutoka upande wa mto. Mkono wake ukasimama. Jamila hakukishusha kidevu. Gari lilipunguza mwendo mbele ya bendera, likabadili gia, likapita.

Walingoja mpaka sauti yake ikapotea kabisa upande wa stesheni. Ndipo Bitota akaandika herufi ya tatu.